Gari la Bwana Mkubwa na Gari la Abiria

Ukikaa kijiweni Manundu, hapa Korogwe, ukauliza gari gani la zamani lilikuwa gumu kuliko yote, utajibiwa Land Rover kabla hujamaliza kuuliza. Watu wanaoweza kubishana juu ya Simba na Yanga tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, kwenye hili wanaafikiana mara moja. Mimi ni mbishi. Jibu lao nalikubali, ila swali lenyewe linanisumbua. Tangu lini ugumu peke yake ukawa ndiyo sifa ya gari? Gari ni chombo cha kubeba watu, na chombo cha kubeba watu huulizwa kwanza kiliwabeba akina nani, na kiliwabeba vipi.

Nataka kuyapima magari mawili yaliyopita barabara zetu zama moja. La kwanza ni Land Rover 109, ile ndefu ya toleo la pili, iliyotengenezwa tangu 1958 hadi 1971. La pili ni Peugeot 404, lile la safu tatu za viti, lililoingia barabarani miaka ya 60 mwanzoni na kuwa teksi ya masafa marefu huku kwetu, Kenya na kwingineko. Majina nitayaandika kama yalivyoandikwa kwenye bodi. Msomaji wangu wa Korogwe asome Landrova na Pijo, maana ndivyo tulivyoyaita.

Land Rover ilizaliwa wakati wa dhiki. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, na kiwanda kilichotaka mgao kilitakiwa kiwe na kitu cha kuuza nje. Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani, akiitumia shambani kwake kisiwani Anglesey, Wales. Akaona gari la namna ile wanaweza kulitengeneza wenyewe. Bodi ikawa ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgao, na ikakatwa bapa, iliyonyooka, kwa kuwa mitambo ya kukunja bodi za mviringo ilikuwa ghali. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Wenyewe waliichukulia kama gari la kuvukia miaka migumu tu. Hilo gari la kuvukia likaendelea kuzaa mpaka Januari 2016, ambapo la mwisho la ukoo ule lilitoka kiwandani Solihull.

Peugeot 404 ilizaliwa watu wakiwa wameshashiba kidogo. Ilitoka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, fundi yuleyule aliyewachorea Ferrari. Ina mapezi mafupi nyuma, kama ya samaki aliyekatwa mkia akabaki na aibu kidogo. Injini yake imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti isiinuke sana na dereva aione barabara. Kati ya magari haya mawili, moja limechorwa kwa rula na jingine limechorwa kwa mkono wa mtu anayependa kuangaliwa. Nakiri rula ina uzuri wake. Land Rover ikiegeshwa kando ya shamba la mkonge, mistari kwa mistari, huwezi kusema hapo si mahali pake.

Na kweli, mkonge ndio uliotuletea Land Rover nyingi. Nje ya Korogwe, ukienda Magunga, Ngombezi, Mnyuzi, mashamba yalifuatana mpaka macho yanachoka, na kila shamba lilikuwa na meneja, na kila meneja alikuwa na Land Rover. Ongeza mkuu wa wilaya, bwana shamba, bwana misitu, polisi na mapadri. Mwanakijiji alipoisikia ikija, na ilisikika mbali kwa ule mlio wa gia zake kama mashine ya kusaga, alijua anayekuja ni mtu mwenye daftari. Waliopika gongo walijua la kufanya. Kwa simulizi za wazee wa upande wa Handeni, hata Operesheni Vijiji ya miaka ya 70, kwao, ina mlio huo huo: Land Rover mbele, malori nyuma.

Haitakuwa haki kuliachia hapo. Mwalimu Nyerere naye alizunguka nchi hii kutafuta uhuru akiwa ndani ya Land Rover ya TANU. Gari halina chama. Lakini hata hiyo ya TANU ilimbeba mtu anayekwenda kuwahutubia watu, na watu walikuwa chini, wamesimama.

Ukitaka kujua gari lilimfikiria nani lilipochorwa, usilitazame kutoka nje. Panda nyuma. Ilikuwepo Land Rover 109 ya milango mitano yenye safu ya katikati inayotazama mbele, lakini hiyo ilikuwa ya wenyewe. Sisi wengine tuliyoijua ni ya turubai, yenye mabenchi mawili marefu ubavuni, juu ya matairi. Unakaa ubavu wako ukiwa kule gari linakokwenda, magoti yamegusana na ya mtu usiyemjua, shingo umeipinda kama kuku aliyeona mwewe. Huoni mbele. Unachoona ni uso wa mwenzako ukibadilika rangi kadiri vumbi linavyoingia, kwa sababu gari la namna ile likikimbia huvuta vumbi kutoka nyuma na kulimwaga ndani. Breki ikikanyagwa mnaangukiana wote kuelekea kwenye kabati la dereva. Na huko mbele, chini ya kioo, kuna vile vidirisha viwili vya bati vinavyofunguliwa kwa mkono ili upepo upulize. Upepo unawapuliza walioko mbele. Sijawahi kuona gari lililogawanya hewa waziwazi namna ile.

Kwa hiyo ndani ya Land Rover kuna magari mawili. Mbele kuna gari, nyuma kuna mzigo ambao siku nyingine ni saruji na siku nyingine ni watu.

Peugeot 404 ya abiria ilikuwa na safu tatu, na zote zilitazama mbele. Naomba msomaji asilipite hili haraka. Kwa karatasi za Ufaransa lilikuwa gari la watu saba au wanane. Kwa hesabu ya stendi zetu, idadi hiyo ilikuwa ni mwanzo wa mazungumzo, na yuko aliyelipa nauli kamili akakalia nusu ya tako mpaka Tanga. Lakini hata yeye alitazama mbele. Aliiona barabara ileile aliyoiona dereva, kwenye dirisha refu lililokwenda mpaka safu ya mwisho. Mtoto aliyepakatwa katikati aliona mkono wa dereva ukichezea gia ya kwenye usukani, juu, chini, akadhani ni muziki. Dereva mwenyewe alikaa kwenye kiti cha namna ileile ya kiti chako, amebanana na abiria wawili ubavuni. Ukimwambia punguza mwendo, anasikia, kwa sababu hapakuwa na ngurumo ya gia ya kuyafukia maneno yako.

Na mwili ulitunzwa. Nyuma kulikuwa na springi za koili zenye mchezo mrefu, na shokapu zilizotengenezwa na Peugeot wenyewe, kiasi kwamba barabara ya makorongo iliyovunja watu migongo ndani ya Land Rover, ndani ya 404 ilikuwa kama kuvuka mto kwa mtumbwi: unapanda, unashuka, unafika. Land Rover yenye springi zake za vyuma vilivyopangwa tabaka kwa tabaka ilitulia ikishapakiwa tani. Ikiwa tupu ilikurusha. Yaani ilipenda mzigo kuliko mtu, na hilo halikuwa kosa la uchoraji, ndivyo ilivyokusudiwa.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linanigusa. Bibi yangu mzaa mama aliishi kambi ya wakata mkonge. Shamba silitaji, limeshabadilisha wenyewe mara nyingi na waliokuwepo hawapo. Mwishoni mwa miaka ya 60 uchungu ulimshika usiku, na mkunga wa kambi akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Land Rover ya shamba ilikuwepo, imeegeshwa chini ya mwarobaini nyumbani kwa meneja. Mlinzi akasema gari lile ni la kazi na funguo ziko kwa mwenyewe, na mwenyewe amelala. Hakuna aliyethubutu kumwamsha. Wakambeba bibi kwa machela ya gunia mpaka barabara kuu, wakakaa. Magari mawili yakapita bila kusimama. La tatu lilikuwa Peugeot ya abiria iliyotoka Tanga ikiwa imejaa. Ikasimama. Abiria wanne wakashuka kusubiri kando ya barabara usiku ule, bibi akalazwa kwenye siti ya katikati, wakaenda Korogwe. Aliyezaliwa kabla ya alfajiri ni mjomba wangu, na mpaka leo yupo, na mpaka leo ni mkorofi.

Najua utakachosema. Kosa lile ni la watu, si la gari. Mlinzi yuleyule angekuwa analinda Peugeot, ingekuwa vilevile. Ni kweli, lakini si kweli yote. Jiulize kwa nini usiku ule iliyokuwa barabarani ilikuwa Peugeot na iliyolala chini ya mti ilikuwa Land Rover. Injini ya 404 ilikuwa na ujazo wa sentimita 1,618, ya Land Rover ya petroli 2,286, na zote zilitoa nguvu za farasi zisizopishana sana, sabini na kitu. Ila Land Rover ilikuwa nzito zaidi kwa mamia ya kilo, ina uso bapa unaosukumana na upepo, na inazungusha gia nyingi zaidi njiani. Mafuta ya safari moja ya Land Rover yangeitosha 404 na chenji ikabaki. Mfanyabiashara mmoja wa dukani aliweza kununua Peugeot, akaiweka barabarani, na nauli za watu wa kawaida zikairudisha fedha yake. Land Rover ilitaka taasisi nyuma yake: serikali, shamba, misheni, mtu asiyelipa mafuta kutoka mfukoni mwake. Kilichoamua gari gani litawasimamia watu barabarani usiku kilianzia kwenye ubao wa mchoraji, kwenye uzito na ujazo, kabla mlinzi hajaajiriwa.

Juu ya kusema 404 ilikuwa laini, isiyoweza shida, mashindano yalishajibu. Safari Rally, iliyoanza 1953 na kwa miaka mingi ikafanyika Pasaka, matope yakiwa yamekolea, ilikatiza Kenya, Uganda na Tanzania, na 404 ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza tena 7 tu. Miaka yote hiyo miwili ya maafa mshindi alikuwa Nick Nowicki na msaidizi wake Paddy Cliff, wamo kwenye 404. Ya 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Baadaye mdogo wake, Peugeot 504, naye akachukua 1975 na 1978. Land Rover haikuwahi kushinda Safari hata mara moja. Sisemi hivyo kuidharau, haikutengenezwa kukimbia. Nasema tu kwamba gari lililopita kwenye matope yale mbele ya wote halistahili kuitwa laini na watu waliokaa kijiweni.

Lakini kijiwe nacho kina hoja, na hoja hiyo inaitwa mlima. Korogwe ni wilaya ya ghorofa mbili. Chini ni bonde la Pangani, joto na mkonge. Juu ni Usambara: Bungu, Vugiri, Dindira, chai za Ambangulu, ukungu, na udongo mwekundu ambao ukilowa unakuwa kama sabuni. Masika yakianza, 404 inafika mahali inazungusha matairi mpaka klachi inanuka, na hapo hata Pininfarina angeshuka kusukuma. Land Rover unaipachika gia ndogo, matairi yote manne yanavuta, inatambaa kama kobe mwenye shughuli zake. Mgonjwa wa Bungu mwezi wa nne hakuwa na habari na mapezi ya Kiitaliano. Kama hapakuwa na Land Rover alibebwa kwa machela, au alibaki. Handeni kabla ya lami ilikuwa hivyo hivyo, kwa sababu nyingine za udongo na mito isiyo na madaraja. Mtu wa huko akiisifu Land Rover mbele yangu, nanyamaza. Anajua anachosema.

Tofauti yao kubwa nimeiona hapo hapo mlimani. Land Rover inaikubali nchi kama ilivyo. Korongo ni korongo, inapita. Peugeot inaidai nchi kitu. Inadai greda lipite, mfereji uzibuliwe, daraja liwekwe. Barabara ikiharibika, Peugeot inaacha kuja, na abiria wanaanza kuuliza maswali kwenye mikutano. Kiongozi mwenye Land Rover anaweza kukaa miaka kumi bila kujua barabara imekufa, kwa kuwa yeye anafika. Sisemi mtu alikaa akapanga hivyo. Nasema gari linaloshinda kila korongo linamwondolea mwenye gari sababu ya kulifukia. Na kama unadhani ni mambo ya kale, tazama mashangingi yanayopita leo yamefunga vioo, kisha tazama njia yanamopita.

Mombo kupanda Lushoto, barabara ilipokuwa na lami, Peugeot ilifanya ambacho watu wangeapa haiwezi. Ile 504 ya safu tatu ilipanda na kushuka kona zile miaka na miaka, imejaa watu, kabichi na matunda ya milimani juu ya keria, ikisimama Soni watu wanunue karanga. Mlima uleule. Kilichobadilika ni barabara.

Basi kwa nini 404 hazipo na Land Rover zipo? Nilimpelekea swali hili fundi mmoja mzee, gereji yake haiko mbali na stendi, amezigusa zote mbili tangu akiwa kijana wa kushika spana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta gari au umeleta maneno?"

Nikamwambia maneno. Akacheka, akaniambia Land Rover ni gari la bolti. Unafungua mlango huu, unaweka ule. Ubavu ukipondeka unaung'oa, unaugonga, unaurudisha. Mlango wa gari la 1962 unaingia kwenye la 1970, na injini ikifa unatupia ya Kijapani humo humo. Alumini haili kutu kama chuma. Kinachooza ni chasisi, na chasisi inachomelewa. "Land Rover moja unayoiona barabarani," akasema, "ni Land Rover tano zimezikana." Pijo, kwa maneno yake, ni gari la daktari. Bodi na chasisi ni kitu kimoja, kutu ikianza kwenye sakafu imeanza kwenye uti wa mgongo. Difu ya 404 ni ya aina yake, skrubu inayozungusha gurudumu la shaba. Ni kimya, ni tamu, na ilitaka mafuta yake maalumu ambayo hukuti duka la kawaida. Ukitia mengine, gurudumu linasagika, na ukishalisaga, la kuchonga mwenyewe huliwezi.

Miaka ya 80 ilipotukuta hatuna fedha za kigeni, spea zikaadimika, gari la daktari likafa na gari la bolti likaishi. Serikali na mashirika walipozipiga mnada Land Rover zao chakavu, mafundi wakapata ghala la spea la bure. Hakuna aliyezipiga mnada 404 mia kwa mpigo, kwa sababu hakuna aliyezimiliki mia. Kila moja ilikuwa na mwenyewe, ilifanya kazi mpaka siku ya mwisho, ikaisha. Kisha biashara ikafunguliwa, zikaingia Hiace za mitumba, na stendi ikasahau.

Hii ndiyo sababu neno "ugumu" linanitia mashaka. Tunaposema Land Rover ilikuwa ngumu, nusu ya tunachokisifu ni bolti zake, na nusu nyingine ni kwamba ilikuwa na mali ya umma nyuma yake. 404 iliyokwenda na kurudi Tanga kila siku, imejaa kupita kiasi, barabara ya vumbi, mwenyewe akihesabu nauli apate tairi, hiyo ilikatika katikati ya kazi. Land Rover ya bwana misitu ililala kila Jumapili. Nani alimpima nani?

Kiswahili chenyewe kimeshachagua upande. Watoto wa leo wasiojua Land Rover Defender ni nini wanajua "difenda": ni gari la polisi, hata likiwa Toyota. Jina limehama kutoka kwenye gari kwenda kwenye kazi liliyofanya, na limebaki na ile hali ya mtu kuchungulia dirishani kwanza. Neno "pijo" nalo liliwahi kuwa gari lolote la abiria la masafa. Ukilisema leo stendi mpya, kijana wa tiketi anakuuliza basi hilo linaondoka saa ngapi.

Oktoba 2024, Land Rover zilikusanywa Arusha kutoka kila pembe, kwa mamia na mamia, kwa nia ya kuingia kitabu cha rekodi za dunia. Niliangalia picha zake kwenye simu kwa furaha, sitadanganya. Zilikuwepo za turubai, zilizopakwa rangi mpya, zimepambwa bendera. Watu wazima walizigusa kama wanavyogusa ng'ombe mnadani. Ni haki yake. Nchi iliyokua ikizisikia zikija usiku inaweza kuzicheka mchana. Ila niliendelea kusogeza picha nikitafuta hata 404 moja pembeni, mtu aliyekuja nayo kutazama tu, na sikuiona. Sidhani tungeweza kukusanya kumi zinazotembea. Na hata tungeweza, ingetafutwa sababu gani? Land Rover ina ofisi zilizoitumia, ina picha za wakuu waliosimama mlangoni mwake. Peugeot ina waliopanda wakashuka, wakaenda zao.

Watoza magari wa Ulaya wana kawaida ya kusifu gari kwa kuuliza ni halisi kiasi gani, boneti ni yake, rangi ni yake, namba za injini zinalingana. Kwa kipimo hicho Land Rover zetu zote ni chotara na hazina thamani, na 404 zetu zote ni marehemu. Kipimo changu ni kingine: nani alipanda, alikaa wapi, aliona nini, na alifika na mgongo gani. Kwa kipimo hicho naiweka 404 mbele kwa barabara zote za bondeni, Tanga mpaka Mombo na Segera kushuka, na Land Rover mbele kwa Bungu na kwa Handeni ya zamani. Wasiokubali wanajua kijiwe kilipo.

Pale gereji kwa yule mzee ipo siti ya safu ya tatu ya 404. Imewekwa juu ya matofali chini ya mwembe, ngozi yake imeshonwa kwa nailoni ya gunia, springi zingali zinakubeba. Ndipo wateja hukaa wakisubiri. Siku niliyokwenda walikuwa wamekaa watatu, wanatazama barabara, na mmoja wao alikuwa mwenye Land Rover iliyokuwa ikichomelewa chasisi. Nilimwuliza mzee kama siti ile anaiuza. Akasema akiiuza watu watakaa wapi.